Mkono Uliocheza Wenyewe

Wiki iliyopita mvua ilitukuta harusini, hapa Unguja, kabla turubai halijafungwa vizuri. Wanawake walikimbilia barazani wakicheka, na binti mmoja aliyepakwa liwa ya msandali usoni akasimama karibu yangu akijifuta kwa pindo la khanga. Liwa kavu ina harufu ya sanduku la nguo za sherehe. Ikilowa, inatoa harufu nyingine, ya mti mbichi na udongo, na harufu hiyo siiwezi. Nilimwambia mwenyeji wangu kichwa kinaniuma, nikaondoka hata pilau sijaionja. Mimi si mtu wa kuacha pilau, wanaonijua watawaambia.

Nilizaliwa Marodoka, kijiji cha kale cha mawe karibu na mji wa Hell-Ville, katika kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Utoto wangu ulikuwa wa miaka ile bendera ya Wafaransa ilipokwisha kushushwa lakini walimu wao walikuwa bado wamo madarasani. Nyumbani tulisema Kimalagasi cha pwani, na Kingazija tukiwa na wageni wa visiwa vya Komoro. Kiswahili hiki ninachoandikia nimejifunza ukubwani, baada ya kuolewa huku. Utotoni nilikuwa na maneno yake machache tu, ya sala, ya mizani na ya bahari, na machache ya ngoma, kwa sababu nyimbo za wanawake zilikuwa bado na mistari ya Kiswahili cha mababu. Neno kucheza nililijua. Kwangu lilikuwa na maana moja, ile ya safu ya wanawake na matari, na sikujua kama lina nyingine. Shikeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mama Be alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Be kwa Kimalagasi ni kubwa, na mpaka nilipoanza shule niliamini kwamba Nosy Be imepewa jina lake. Alikuwa ameolewa Mahajanga, mji wa bandari ulio kusini yetu, na Mngazija aliyekuwa msimamizi wa makuli. Hawakujaaliwa mtoto. Mumewe alikuwa na mke mwingine kwao Ngazija, aliyemzalia watoto wanne, jambo ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini na kulisema mara nyingi. Alichokuwa nacho Mama Be ni ngoma. Alikuwa fundi wa chama cha wanawake wa mtaa wa Mahabibo, na hapakuwa na harusi wala maulidi ya maana bila yeye kusimama katikati ya safu. Nilipotimiza miaka tisa mama alinipeleka kwake nikasome, na pia, naona sasa, ili nyumba ile ipate sauti ya mtoto.

Ngoma yenyewe, kwa mtu wa nje, haikuwa na mengi. Safu moja, bega kwa bega, miguu haibanduki mahali pake. Kinachokwenda ni shingo, viganja na pumzi. Kila siku baada ya alasiri tulikusanyika uani kwake, wasichana wanane, pekupeku juu ya mchanga. Tari lililala kwenye jamvi na hakuna aliyeligusa. Kwanza tulisimama tu, macho tumefumba. Mama Be alipita mbele yetu polepole, na kwa kila mmoja akauliza swali lile lile kwa Kimalagasi: Fa tonga anao? Maana yake, umeshafika?

Siku ya kwanza niliona ni swali la kipuuzi, kwani nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake. Lakini jibu alilolitaka lilikuwa la kweli. Nilijifunza kujibu: bado, niko shuleni, mwalimu kanichapa. Mwenzangu akajibu: bado, niko jikoni, nimemtukana dada. Mama Be hakutoa pole wala nasaha. Alituambia tu twende tukajichukue, tuje. Tukaendelea kusimama mpaka nyayo zisikie mchanga, kisigino kwanza, kisha vidole, mpaka ujue uzito wako umeulaza mguu gani, na pumzi imekwama wapi. Kuna siku alasiri nzima iliishia hapo, tukarudi makwetu bila kucheza hata ubeti mmoja. Aliyedanganya kuwa amefika alijulikana. Mama Be alimgusa begani kwa kidole kimoja, bega likashuka, na msichana akaanza kulia mwenyewe hajui analia nini.

“Mdomo husema utakacho,” alituambia. “Mabega hayajui uongo.”

Na alikuwa na ahadi moja. Alisema mtu akifika kweli, akatulia mpaka ndani, iko siku mkono wake utakwenda wenyewe. Hutauamuru, wala hutauzuia. Yeye alisema ulimjia mara tatu tu tangu usichana wake. Mimi niliutamani mkono huo kuliko viatu, na viatu nilivitamani sana.

Katika mwaka wangu wa pili pale Mahajanga, bibi yetu alikuja kutoka Marodoka kukaa nasi mpaka maulidi ya Mfungo Sita yapite. Kwetu bibi huitwa Dadi. Dadi na Mama Be wakitaka kusema mbele yangu jambo lisilonihusu walitumia vijineno vyao vya Kiswahili, vilivyobaki kwa wazee wachache. Mchana mmoja nilikuwa nasaga liwa kwenye jiwe la tumbawe, nao wamekaa nyuma yangu wanachambua mchele. Nikasikia Dadi anashusha sauti.

“Mkono unacheza.”

Mama Be aliendelea kuchambua mchele.

“Tangu lini?” Dadi akauliza.

“Ramadhani.”

“Unacheza wenyewe?”

“Wenyewe.”

Niligeuza shingo kidogo. Mkono wa kulia wa Mama Be ulikuwa umelala pajani, na kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, taratibu, bila kukoma, kama mtu anayeonja chumvi kwa vidole. Alipoona anaangaliwa aliufunika kwa ungo. Mimi nikarudi kwenye jiwe langu nikisaga kwa furaha. Mama Be alikuwa amefika! Si mara ya nne, bali moja kwa moja, kucha kutwa, hata akichambua mchele.

Tangu siku ile kila nilichokiona kilinithibitishia. Aliuficha mkono ndani ya mkono wa kanzu, nikasema moyoni kwamba mtu aliyepewa kitu kama kile haringi nacho. Wageni wakija alinituma mimi nimimine kahawa. Kwenye mazoezi ya chama alianza kushika tari mwenyewe, kazi ambayo fundi haifanyi, na hakuliachia mpaka mwisho. Bi Rukia, mwanamke aliyesimama wa pili katika safu na ambaye tangu zamani aliona miguu yake inafaa kuwa ya kwanza, alimuuliza kwa nini siku hizi mikono yake haitoki. Mama Be alimjibu kwamba mikono imechoka, na Bi Rukia akasema kwa upole mwingi kwamba mwenye mikono iliyochoka hupumzika. Nilimchukia Bi Rukia. Nikaapa nitamwonyesha.

Nikawafundisha wasichana. Tulikutana nyuma ya choo cha shule, nikawaambia nimeiona siri ya fundi. Gumba juu ya shahada, kiganja kimelegea, kifundo kinatetema kidogo kidogo. Ilituchukua wiki mbili. Tulipanga iwe zawadi yake siku ya maulidi, mbele ya vyama vyote vya mji, mwisho wa ubeti wa tatu, pale ambapo matari hunyamaza na safu nzima husimama kimya kwa pumzi saba.

Siku ilifika. Uwanja ulifagiliwa na kunyunyizwa maji, wanawake wamevaa juu ya kanzu salovana za rangi moja, zile nguo za kujifunga kifuani, nyuso zao za manjano kwa liwa niliyoisaga mimi. Sisi wadogo tulisimama mstari wa mbele, Mama Be katikati ya safu nyuma yetu, tari mkononi. Ubeti wa tatu ukaisha. Matari yakanyamaza. Ndipo tulipoinua mikono ya kulia minane mpaka usawa wa kifua, tukaiacha icheze. Tuliifanya vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu tungeifanya vibaya pengine wasingeielewa.

Kwanza palikuwa na kicheko kimoja, kikakatika. Halafu nikasikia kimya cha aina nyingine. Niligeuka nione furaha ya Mama Be, nikakuta hakuna anayetutazama sisi. Uwanja wote ulikuwa unatazama mkono wake.

“Weka tari chini, dada,” alisema Bi Rukia. “Tuuone.”

Angeweza kukataa. Aliinama, akaliweka tari chini kwenye mchanga, akasimama wima, akautoa mkono ndani ya kanzu na kuunyoosha mbele yake. Ulicheza. Haukufuata wimbo wowote. Alimaliza pumzi zote saba amesimama hivyo, na hakuna tari lililopigwa tena mchana ule.

Nyumbani Dadi alinishika sikio akanipeleka jikoni, akaniuliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia ni yeye. Yeye ndiye aliyesema mkono unacheza. Aliniachia sikio, akakaa kwenye kibao cha kukunia nazi, na akanieleza kwa Kimalagasi, neno kwa neno, kwamba kwa Kiswahili mguu wa kiti uliolegea unacheza, jino bovu linacheza, jicho linacheza, na kwamba mkono wa binti yake ulikuwa unatetemeka kwa maradhi ambayo mpaka siku ile walioyajua walikuwa watu wawili tu. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Baada ya hapo mambo hayakukawia. Chama kilikutana, kikamshukuru Mama Be kwa miaka yake, kikamletea kitambaa kizuri, kikaondoka na tari. Mtaani wakasema ana tromba, yaani kapandwa na roho ya mfalme wa kale wa Kisakalava, na kwa nyumba ya watu wa msikitini hilo lilikuwa neno zito. Mumewe alimpeleka kwa mganga katika kijiji cha Boanamary, na Mama Be akarudi baada ya siku nne ana matope ya mto mpaka magotini na nywele zinanuka moshi, na mkono ni ule ule. Kisha mumewe akakata shauri kwamba hewa ya Marodoka itamfaa zaidi. Alitusindikiza mpaka melini, Mama Be, Dadi, mimi na masanduku mawili, akasema ataleta habari. Hakuleta.

Melini nilikaa naye kwenye sanduku, Dadi amelala kwa kichefuchefu. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyewafundisha wale wasichana. Nililisema mara moja, harakaharaka, nikiangalia sakafu.

“Najua,” alisema. “Gumba ulikipandisha mno. Lakini mlicheza vizuri.”

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii na mpaka leo sijajua kama ilikuwa huruma au hukumu.

Marodoka maradhi yalishuka miguuni. Kutembea aliweza, kuanza ndiko kulikomshinda. Alifika kwenye kizingiti na nyayo zikagoma, mwili unataka kwenda na miguu imeganda, naye anabaki amesimama pale anatutazama kwa aibu. Mama yangu alimvuta, Dadi alimsomea, na yote mawili yalimzidishia kuganda. Siku moja nilikuwa nimebeba maji, nimekwama nyuma yake mlangoni, na kwa uchovu tu nikaanza kuimba kwa sauti ya chini mdundo wa ubeti wa tatu. Mguu wake wa kulia ukanyanyuka. Ukavuka kizingiti. Alisimama upande wa pili akashusha pumzi, na mimi, bila kufikiri, nikamuuliza: Fa tonga anao?

“Nimefika,” alisema, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mahajanga.

Ikawa kazi yangu. Asubuhi kabla ya shule nilimwimbia mpaka kisimani na mpaka kwenye msala, jioni nilimwimbia mpaka uani akae juani. Yeye alinisahihisha mdundo. Aliniambia nisiharakishe, kwamba mguu una sikio lake na sikio hilo ni zito. Siku nyingine, akiwa na nguvu, alisimama uani na kuniamuru nisimame mbele yake, macho nimefumba, nitafute uzito wangu umelala wapi. Sidhani kama nimepata kufika mahali kama nilivyofika katika ule ua wenye mawe, nina miaka kumi na moja, na mwalimu asiyeweza kushika kijiko. Hata msamaha niliuona umekaribia. Ingekuwa yameishia hapo, ningekula pilau wiki iliyopita.

Lakini nilikua. Nilifika miaka kumi na mitatu na kupata rafiki wawili wa shule, mabinti wa karani mmoja wa Hell-Ville, wenye soksi nyeupe na Kifaransa kisichogonga mwamba. Walikuja Marodoka alasiri moja kuchuma mapera kwenye magofu nyuma ya nyumba yetu. Dadi na mama walikuwa wamekwenda matangani Ambondrona, wakaniachia Mama Be. Nilikuwa nimemwimbia mpaka uani, nikamsimamisha kidogo ajinyooshe, nimempaka liwa usoni kwa sababu alipenda, nikamwambia narudi sasa hivi.

Tulikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta wenyewe haukunipita kimo, niliposikia sauti yake. Ilikuwa imeshakwisha, sauti ile, haikufika mbali. Hakuita jina langu. Alikuwa anajaribu kujiimbia ubeti wa tatu, aanze mguu mwenyewe, na kila mara pumzi inamkatikia mahali pale pale. Mmoja wa wale mabinti akauliza ni nani huyo, akaiga sauti ile, mwenziwe akacheka. Nikasema ni mgonjwa mmoja wa jirani. Nililisema kwa Kifaransa, na kwa lafudhi nzuri.

Mara mvua ikashuka. Mabinti wakapiga kelele wakakimbia kuelekea barabarani, na mimi nikakimbia nao. Nilijua alipo. Safari hii hapakuwa na neno lililonichanganya, wala maana ya pili ya kujificha nyuma yake. Tulisimama chini ya kipenu cha duka la Mhindi tukala mapera, nikacheka walipocheka, mpaka mvua ikaisha na wao wakaenda zao. Sikurudi mara moja hata hapo. Adhana ya magharibi ndiyo iliyonirudisha.

Alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Hakuwa ameanguka, na nadhani kuanguka kungekuwa nafuu yangu. Salovana ilikuwa imemgandama mwilini, liwa imechuruzika kutoka mashavuni mpaka kifuani michirizi ya manjano, na ua mzima unanuka. Mkono wake ulikuwa unacheza. Nikasimama mbele yake, nikaanza kuimba. Mguu haukusikia. Nikaimba tena, nikaongeza sauti, nikapiga makofi. Haukusikia. Yeye akaniuliza kwa ile sauti iliyobaki.

“Fa tonga anao?”

“Nimefika, Mama Be.”

Aliinua ule mkono, polepole, ukitetemeka njia nzima, akanigusa begani kwa kidole kimoja.

Nilimbeba ndani. Alikuwa mwepesi. Kifua kilimbana usiku huo huo, na siku ya tisa akafariki. Dadi alisema ni mvua iliyomkuta ghafla, na mimi sikumsahihisha. Matangani walikuja wanawake watatu kutoka Mahajanga, mmoja wao Bi Rukia, akalia kuliko sisi sote, na mama akamshika mkono.

Wajukuu wangu wananiambia siku hizi kuna madarasa ya hayo mambo, watu wazima wanasimama kwenye mikeka, wanafumba macho, wanaambiwa wasikilize miili yao kabla ya kucheza. Wanaona ajabu ninapocheka. Mimi nasimama kila asubuhi uani kwangu baada ya sala ya alfajiri, pekupeku, miaka zaidi ya hamsini sasa. Nasikia kisigino, nasikia vidole, naujua uzito wangu ulipo. Halafu najiuliza lile swali, na kwa kuwa sina tena wa kumdanganya, najibu kweli: bado. Niko nyuma ya ukuta, nina mapera mkononi, na ninamsikia.